Wasichana wa Kiwanda Waliojaza Uwanja Wakati wa Vita

Tukitaja vita tunahesabu waliokufa, nyumba zilizochomwa na mashamba yaliyoachwa. Kazi ambayo wanawake walifanya wakati huo huo, ni mara chache tunaihesabu. Wiki hii ninawaletea habari za timu moja ya mpira iliyozaliwa Uingereza katika vita kubwa ya 1914–1918. Wachezaji wake walikuwa wanawake wa kiwanda. Ni habari ya mbali, lakini mama wa kwetu hatahitaji mtu wa kumfafanulia.

Kazi ya wanaume mikononi mwa wanawake

Katika mji wa Preston, kaskazini mwa Uingereza, kulikuwa na kiwanda kinachoitwa Dick, Kerr. Mbele ya vita kilitengeneza vyombo vya treni na tramu. Wanaume walipoenda jeshini, kiwanda kikaanza kutengeneza silaha, na wanawake wakaitwa kushika mashini. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Katika viwanda vya silaha vya nchi ile, baruti iligeuza ngozi ya wanawake wengi kuwa ya manjano, mpaka watu wakawaita kwa jina la ndege wa manjano, kanari.

Saa ya mapumziko, wanawake wa Dick, Kerr walitoka uani na kupiga mpira pamoja na vijana wa kiwanda. Mwezi wa 10 mwaka 1917 walishindana na wanaume wa pale pale. Mmoja wao aliitwa Grace Sibbert. Mume wake alikuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Wajerumani. Hospitali ya askari waliojeruhiwa ilikuwa inatafuta msaada. Desturi ilikuwa kuimba na kukusanya michango. Grace na wenzake wakasema: sisi tutacheza mpira.

Siku ya Noeli 1917, watu 10,000 walikuja kwenye uwanja wa Deepdale, ambao ni uwanja wa timu kubwa ya wanaume ya Preston North End. Wanawake wa Dick, Kerr waliwafunga wenzao wa kiwanda cha Arundel Coulthard 4–0. Zaidi ya pauni 200 zilienda kwa majeruhi, na wakati ule hizo zilikuwa feza nyingi. Alfred Frankland, aliyekuwa karani wa kiwanda, akawa mwendeshaji wa timu.

Wachezaji wenyewe

Kapiteni wa kwanza aliitwa Alice Kell. Alikuwa mlinzi wa nyuma, mtu wa kutuliza wenzake, na ndiye aliyesema kwa niaba ya timu.

Jennie Harris alikuwa mdogo sana wa kimo, hakufika hata metre moja na nusu. Wapinzani wakubwa walidhani watamsukuma tu, lakini alijua kuficha mpira mguuni na kuwapita.

Florrie Redford alicheza mbele. Magoli ndiyo ilikuwa kazi yake, na katika miaka ile alikuwa kati ya wafungaji wakubwa wa timu.

Lily Parr alikuja vita vilipokwisha. Alizaliwa mwaka 1905 katika mji wa St Helens, akajifunza mpira pamoja na kaka zake. Alijiunga na timu mwaka 1920, bado hajafika miaka 16, na msimu wake wa kwanza alitia zaidi ya magoli 40. Alikuwa mrefu, na mguu wake wa kushoto ulipiga mpira kwa nguvu ambayo wanaume wenyewe waliishangaa.

Wote hawa walifanya kazi juma zima kama wafanyakazi wengine. Kwa kila mchezo walipewa shilingi 10, za kusaidia safari na saa za kazi walizopoteza. Feza nyingine ya mlangoni ilienda kwa wenye shida.

Watu 53,000

Mwaka 1920 timu ilipokea wanawake wa Ufaransa, walioletwa na Mama Alice Milliat, mtetezi mkubwa wa michezo ya wanawake. Baadaye wasichana wa Preston nao wakavuka bahari kwenda kucheza Ufaransa.

Mwezi wa 12 mwaka ule walicheza usiku kule Deepdale, chini ya taa kubwa za jeshi. Ruhusa ya kutumia taa hizo ilitoka kwa waziri wa vita, Winston Churchill. Mipira ilipakwa rangi nyeupe ili ionekane gizani. Feza za usiku huo zilikuwa kwa ajili ya askari waliorudi vitani wakakosa kazi.

Siku iliyofuata Noeli, tarehe 26, ilikuwa zamu ya mji wa Liverpool. Watu 53,000 waliingia uwanja wa Goodison Park, na maelfu wengine wakabaki nje kwa kukosa nafasi. Florrie Redford alikosa treni, hakufika. Basi kapiteni Alice Kell akatoka nyuma, akaenda kucheza mbele mahali pake, na akatia magoli matatu. Walishinda timu ya St Helens 4–0. Zaidi ya pauni 3,000 zilipatikana kwa ajili ya wenye shida.

Mlango ukafungwa

Mwaka 1921 wachimba makaa wa Uingereza walikuwa wamefungiwa kazi na wenye migodi, na jamaa zao zilikuwa na njaa. Timu za wanawake zilicheza kwa ajili yao pia. Kila mahali walipoitwa, uwanja ulijaa.

Tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 1921, shirikisho la mpira la Uingereza lilikata shauri: mpira haufai kwa wanawake, na kila klabu ya shirikisho iwanyime uwanja. Shirikisho lilisema pia kwamba sehemu kubwa mno ya feza za michezo hiyo haifikii maskini. Madaktari kadhaa wakaongeza kwamba mchezo huu ni mzito kupita nguvu za mwili wa mwanamke.

Wamama, tupime maneno hayo. Miaka minne mbele yake, mwili ule ule ulisimama kwenye mashini za silaha kutoka asubuhi mpaka jioni, na nchi ikashukuru. Wakati wa vita, nguvu ya mwanamke ilihitajiwa, kwa hiyo ilisifiwa. Wanaume waliporudi kutafuta nafasi zao, nguvu hiyo hiyo ikageuzwa kuwa ugonjwa.

Dick, Kerr hawakuacha. Mwaka 1922 walipanda meli kwenda Kanada na Marekani. Kanada iliwakataza kucheza. Marekani walipewa timu za wanaume: katika michezo tisa walishinda mitatu, wakatoka sare mitatu, wakapoteza mitatu. Kwao Uingereza waliendelea kwenye viwanja vidogo. Timu ilidumu mpaka 1965. Lily Parr alifanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, huku akiendelea kucheza mpaka 1951.

Katazo liliondolewa mwaka 1971 tu, baada ya miaka 50. Shirikisho liliomba radhi mwaka 2008. Lily Parr alikuwa amefariki tangu 1978.

Na mabinti wetu?

Mwezi wa 11 mwaka 2024, kule Maroko, wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi waliishinda AS FAR 1–0 na kuchukua kombe la klabu bingwa za wanawake wa Afrika. Nchi nzima ilipiga vigelegele. Lakini sisi walimu tunaona kinachotokea saa ya rekreasio: wavulana wanashika uwanja wote, wasichana wanabaki ukutani. Binti akigusa mpira anaambiwa atakosa mume, ama hatazaa. Ni maneno ya 1921 yaliyobadilisha lugha.

Na jambo hili ni pana kuliko mpira. Kwetu pia vita imewapa wanawake kazi za wanaume: kuongoza nyumba, kufanya biashara ya mbali, kulipa masomo ya watoto. Hakuna anayesema ni nzito kupita nguvu zao. Siku amani itakaporudi, watatokea watu wa kutuambia tumechoka, turudi nyuma. Timu ile ilifungiwa viwanja kwa sababu katika meza iliyokata shauri hapakuwa na mwanamke.

Kwa hiyo, kama shule ya watoto wako ina komite ya wazazi, uwe ndani yake, na uulize: wasichana wana saa yao uwanjani? Kama kikundi chenu kina sanduku, mpira mmoja haushindi michango ya wamama kumi. Na binti akirudi nyumbani na vumbi magotini, mpe maji aoge, kisha umuulize kama walishinda.