Mtoto Mdogo Ale kwa Sahani Yake

Leo tunazungumzia sahani ya mtoto.

Hapa Kisumu, iwe Nyalenda, Obunga au kule Dunga ufuoni, watoto wengi hupakuliwa ugali na samaki katika sinia moja. Ni desturi nzuri, hufunza kugawana. Lakini mtazame yule wa mwaka mmoja na nusu. Mkono wake ni mdogo, naye hutafuna polepole. Kabla hajamaliza tonge la pili, kaka zake wamemaliza chakula. Wewe unaona sinia tupu, unasema, "Wote wamekula." Ukifika kliniki, mizani inasema mengine.

Kwa hivyo mtengee bakuli lake, kijiko chake na kikombe chake. Si lazima ununue vipya. Bakuli la plastiki ulilo nalo latosha. Aketi pamoja na wenzake, ila mpakulie yeye kwanza. Hapo utajua amekula kiasi gani.

Pima kwa kikombe cha mililita 250:

Miezi 6 hadi 8: anza na vijiko vikubwa 2 au 3, uongeze hadi nusu kikombe, mara 2 au 3 kwa siku.

Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe, mara 3 au 4.

Mwaka 1 hadi 2: robo tatu hadi kikombe kizima, mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati, kama ndizi.

Wakati huo wote endelea kumnyonyesha.

Ugali peke yake usijaze bakuli. Weka mboga, na ngege aliyetolewa miiba yote, au omena waliosagwa. Mhimize kwa upole, usimlazimishe.

Nawa mikono yako na yake kwa sabuni. Vyombo vikishaoshwa, vianike juani juu ya kichanja, usivipanguse kwa kitambaa kichafu. Kinywaji mpe kwa kikombe. Chupa ya kunyonya ni ngumu kusafisha na huleta kuhara.

Akiugua, mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Bakuli likibaki na chakula siku baada ya siku, usingoje, mpeleke kliniki.

Basi mama, jioni ya leo, kabla ya kupakua, uliza: bakuli la mdogo liko wapi? Kwaheri hadi kipindi kijacho.