Nani Kasema Maji Hayahesabiki?

Paukwa! Mnajibu "Pakawa!", hata kama hapa Mudhaibi mmezoea hadithi zinazoanza na "kan ya ma kan".

Nyinyi watoto mna kazi ambayo wenzenu wengi duniani hawana: mnahesabu kwa lugha tatu. Shuleni mnahesabu kwa Kiarabu. Kikifika kipindi cha Kiingereza mnaanza upya. Mkirudi nyumbani, bibi aliyezaliwa Unguja anakutumeni dukani mkamletee mayai sita na ndimu mbili, na ole wenu mkileta kinyume.

Tuanze na 25. Kwa Kiarabu ni "khamsa wa ishrin", tano inatangulia na ishirini inafuata. Mwingereza anasema "twenty-five", kubwa mbele. Ndiyo maana mtoto akisikia namba kwa Kiarabu na kuiandika haraka kwenye daftari la Kiingereza, 25 inageuka 52, kisha anashangaa kwa nini jibu limekataa. Kiswahili nacho kilifanya ujanja: neno ishirini kilichukua Arabuni, lakini mpangilio kikauacha hukohuko. Ishirini na tano, kubwa mbele.

Sita, saba na tisa nazo zilipanda jahazi zikaja pwani. Utazijua kwa mavazi yao. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubadili nguo kila wanapokwenda: watoto wawili, vitabu viwili, mayai mawili. Wageni wetu kanzu yao ni ileile: watoto sita, vitabu sita, mayai sita. (Kumi ni mwenyeji, na hata hivyo habadili nguo. Msiniulize kwa nini.) Kabla yao wazee walisema tandatu, fungate na kenda. Kenda bado mtaisikia kwa wakongwe, na fungate imebaki harusini, kwa sababu bwana na bibi harusi walikaa ndani siku saba.

Msidhani Kiingereza hakina mambo ya zamani yaliyofichika. "Eleven" asili yake ni "imebaki moja", na "twelve" ni "zimebaki mbili". Yaani ukishamaliza vidole kumi, hivyo ndivyo vilivyosalia. Kuanzia "thirteen" hadi "nineteen" Mwingereza anasema kama Mwarabu, ndogo kwanza. Zamani alifanya hivyo hata kwa namba kubwa: 24 ilikuwa "four and twenty". Na "score", maana yake ishirini, ni alama iliyochongwa kwenye kijiti: mtu akihesabu mifugo, kila wakifika ishirini anatia pengo.

Sasa twendeni soko la Sinaw, hapo kwa jirani zenu, wanakouza mbuzi na kondoo. Mwingereza ana vyumba viwili tu: kimoja, na zaidi ya kimoja. Mbuzi mmoja ni "goat", wawili "goats", mia "goats". Mwarabu ana chumba cha tatu, cha viwili peke yake: riyali mbili ni "riyalayn", tatu "thalatha riyalat", na mkifika kumi na moja neno linarudi kuwa la umoja, "riyal". Kiarabu hapo kina adabu zaidi, nasema mimi, maana jozi ni jozi. Lakini hata Kiingereza kina vituko: kondoo mmoja "sheep", kondoo mia "sheep". Na suruali moja wanaihesabu kama vitu viwili, kwa kuwa ina miguu miwili.

Hapa ndipo mwalimu anapowasumbua. Kiingereza kinagawa vitu vyote kambi mbili, vinavyohesabika na visivyohesabika. Mbuzi wengi ni "many goats", lakini maji mengi ni "much water". Mchele uko kambi ya maji. Na cha kuchekesha, fedha nayo iko hukohuko, "much money", wakati hakuna kitu binadamu anachokihesabu kwa uchungu kama fedha! Riyali moja ya Oman ina baisa 1000, na muuza mbuzi wa Sinaw anazijua zote. Jihadharini pia na kaherufi "a". "A few dates" ni tende chache, karibu ule. "Few dates" ni tende chache, hazitoshi. Herufi moja inaamua kama mgeni atakula.

Turudi kwenye maji. Kiingereza kinadai hayahesabiki mpaka uyatie kwenye glasi au ndoo. Babu zenu wasingelikubali. Katika vijiji vya Oman maji ya falaji, yanayotoka chini ya milima na kupita kwenye mifereji hadi mitendeni, yalihesabiwa bila ndoo yoyote. Yalihesabiwa kwa muda. Kipimo kinaitwa athari, kama nusu saa hivi. Athari 24 hufanya badda, yaani nusu ya siku nzima. Mwenye athari mbili anafunguliwa maji yaingie shambani kwake kwa saa moja, kisha zamu inahamia kwa jirani. Mchana walitazama kivuli cha mti uliosimikwa wima, usiku nyota zinazochomoza. Siku hizi wengi wanatazama saa ya mkononi.

Na athari hizo zilirithiwa, zikawekwa wakfu kwa msikiti, zikanadiwa. Mnadani husimama dalali, neno mnalolijua kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na watu hupandishana bei kwa ajili ya nusu saa ya maji. Falaji zipatazo 3,000 bado zinatumika Oman. Tano kati yake, zikiwemo Daris ya Nizwa na Al-Jeela ya upande wa Sur, ziliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006.

Basi mkiulizwa kwenye mtihani wa Kiingereza kama "water" inahesabika, andikeni haihesabiki, mpate maksi zenu. Jioni mwulizeni babu shamba lenu lina athari ngapi. Atakujibuni kwa namba.