Sungusungu: Mila ilipobeba mzigo wa dola

NANI mwenye wajibu wa kwanza wa kulinda amani ya kijiji, Serikali au wanakijiji wenyewe? Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, wenye msimamo wa kihafidhina hujibu kwa neno moja: sungusungu.

Jeshi hilo la jadi lilizuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Kahama na Nzega, kisha likaenea Usukuma na Unyamwezi. Chanzo chake kilikuwa wizi wa mifugo na ujambazi, vilivyoshamiri baada ya Vita vya Kagera vya 1978-79, silaha zilipozagaa na uchumi ukadorora.

Mzizi wake, hata hivyo, ni wa zamani zaidi. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamishia wananchi kwenye makazi mapya. Mtemi aliondoka, na kituo cha polisi kikabaki mbali. Kwa mtazamo wa wahafidhina, dola iliondoa mamlaka ya jadi bila kuziba pengo lake, na wananchi wakaliziba kwa walichokijua: mkutano wa hadhara, upinde na mshale, na mwano, yaani yowe la kuwaita wanaume kufuata nyayo za mwizi. Kiongozi wao walimwita ntemi, jina lile lile la watawala wa kale.

Aliyeonekana na hatia alitozwa faini, mara nyingi ya ng'ombe. Aliyekaidi alitengwa, asisalimiwe wala kusaidiwa msibani. Kwa mfugaji anayetegemea majirani, adhabu hiyo iliweza kuwa nzito kuliko kifungo.

Serikali nayo haikuwa na kauli moja. Wapo maofisa walioliona jeshi hilo kuwa tishio, lakini Mwalimu Julius Nyerere aliliunga mkono. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa, na sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata wahalifu. Kuhukumu kulibaki kuwa kazi ya mahakama.

Mpaka huo ndio kiini cha mvutano. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 13 inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Wakosoaji wanakumbusha kuwa wapo watuhumiwa waliopigwa na kufukuzwa vijijini, na kwamba wanawake wazee walituhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yanayotokana na moshi wa kuni.

Ukanda wa dhahabu umeongeza ugumu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, huku wachimbaji wadogo wakimiminika kutoka kila pembe ya nchi. Nguvu ya sungusungu ilitokana na kufahamiana, kwani mwizi alikuwa na ukoo, ng'ombe na heshima ya kupoteza. Mchimbaji mgeni hana ng'ombe wa kutozwa, na kumtenga si adhabu, kwa kuwa kesho atahamia machimbo mengine. Aibu inapokosa nguvu, kishawishi cha kutumia fimbo huongezeka.

Hoja ya wahafidhina kwamba usalama huanzia nyumbani haijapuuzwa na dola. Jeshi la Polisi chini ya IGP Said Mwema, aliyeteuliwa mwaka 2006, lilihimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi kwa msingi huo huo. Lakini anayetetea mila hana budi kuitetea yote. Kabla ya faini, mtuhumiwa alipaswa kusimama mbele ya wanaomfahamu na kusikilizwa. Palipo na wageni wasiofahamiana, anayeweza kumsikiliza kwa haki ni hakimu, na kazi ya sungusungu ni kumfikisha kwake akiwa hai.