Kuku asiyetaga: tumuangalie kwanza, kisu kingojee

Hapa Uvira, kuku akimaliza juma mbili bila yai, hukumu yake inatoka haraka: "Huyu anakula bure, tumupike siku ya Mungu." Sisi wa sendika ya wachimbaji tunaijua sauti hiyo. Ni ile tunasikiaga ku shimo: mutu akishindwa kupandisha mufuko wa mawe, wanasema ni muvivu, hakuna anayeuliza kama amekula. Basi kwa kuku tunaomba tuulize kwanza.

Siyo jambo dogo. Katika parseli nyingi za Kavimvira, Mulongwe ama Kalundu, kuna kuku mumoja ambaye si nyama tu. Watoto wamemupa jina, analala ndani ya nyumba, akiitwa anakuja mbio. Wa kwetu anaitwa Bijou. Mayai yake yananunua sabuni na kalamu, na siku ya homa yananunua kidonge. Ukimuchinja kwa shida yenye dawa, nyama inaisha jioni moja.

Je, ana shida kweli? Kuku wa kinyumbani hatagi mwaka muzima. Anatia mayai kumi mpaka kumi na tano, anaatamia siku 21, kisha analea vifaranga majuma mengi. Akibadilisha manyoya pia anapumzika. Na wengine wanataga vizuri sana, lakini nyuma ya jiko la jirani. Umufuate asubuhi moja, utajua.

Shida ya kweli, mara mingi, inaanzia ku ganda. Yai moja linatengenezwa kwa saa 24 mpaka 26, na karibu saa 20 ni za ganda peke yake. Ganda hilo karibu lote ni chokaa. Ndani yake kuna gramu kama mbili za kalsiumu. Kama chakula hakina, mama kuku anaitoa mu mifupa yake mwenyewe. Ndiyo unaona yai laini kama mufuko wa maji, ama kuku anachechemea, ama yai linakwama.

Zamani kuku wetu walitembea mpaka ku muchanga wa ziwa, wanachimba wadudu, wanaota jua. Toka mafuriko ya Aprili 2020, wakati muto Mulongwe ulitoka mu njia yake, na miaka ile ziwa lilipanda likaingia mu manyumba, kiwanja kimekuwa kidogo. Kuku anafungwa kamba ku muguu, pahali penye maji maji, anapewa mabaki ya ugali wa muhogo. Muhogo unashibisha, lakini kalsiumu ni kidogo sana na protini vilevile. Na bila jua, mwili unakosa vitamini D, ile inayosaidia kuingiza kalsiumu.

Dawa iko ku mulango. Ziwa Tanganyika lina maganda mengi ya konokono, hata chini ya maji kuna pahali yamejilundika kama changarawe. Wataalamu wanamuita konokono mumoja wao Neothauma. Watoto waokote yale yaliyo ku ufuko. Yachemshwe, yakauke, yatwangwe yakuwe kama muchanga munene, siyo unga. Tusiyachome ku makala mpaka yakuwe chokaa nyeupe, ile inaunguza koo. Yawekwe mu kopo la pembeni, yasichanganywe na chakula: kuku mwenyewe anajua kiasi anachotaka. Maganda ya mayai nayo yanafaa, lakini yapondwe sana, asijizoeze kula mayai yake. Uongeze vichwa vya ndagala zisizo na chumvi, lengalenga, na maji safi mu kivuli. Kuku akikosa maji siku moja tu mu joto letu, kutaga kunaharibika. Bijou alitupa mayai laini matatu mufululizo. Juma mbili za maganda ya konokono, ganda likakuwa ngumu.

Lakini kuna siku haingojei juma mbili. Kuku anasimama wima kama mutu, mukia chini, anasukuma bila kitu kutoka, hali tena: yai limekwama. Tafuta beseni la maji ya vuguvugu, yasiunguze mukono, umukalishe ndani tumbo lizame, kama dakika 20. Umukaushe, upake mafuta kidogo ku njia ya yai, umuache pahali penye giza na ukimya. Rudia kisha saa moja. Usifinye tumbo kwa nguvu, na usivunje yai ndani, vipande vinamukata. Akifika kesho bila kutoa, veterineri amuone, maana siku mbili zinaweza kumuua.

Tétracycline ya watu, ile wengine wanafungulia mu maji ya kuku, haisukumi yai. Dawa inabaki mu mayai na mutoto wako ndiye anaikula. Kuhusu jirani anayeshitakiwa kwamba "alifunga" kuku, tumuache jirani.

Ukiona kuku wa avenyu nzima wanapumua kwa shida, kinyesi ni kijani, shingo inapinda, hapo siyo ganda. Inaweza kuwa Newcastle, ambayo nayo inasimamisha mayai, na ikiisha kuingia haina dawa. Iko vaksini tu, kabla, nayo inarudiliwa kila miezi michache. Taabu ni kwamba chupa moja inatosha kuku mia na zaidi, ikisha kuchanganywa haikai, na mwenye kuku watatu hawezi kuinunua peke yake. Kwetu tulifanya kama ku shimo: kila nyumba ilitoa pesa kufuata hesabu ya kuku wake, mumoja akaandika mu kaye, veterineri akaitwa siku moja kwa avenyu yote. Kuku waletwe mapema, wakiwa bado mu vikapu, kabla jua kukuwa kali, maana joto linaharibu vaksini, na hapa kwetu hakuna anayeweza kutegemea umeme kwa kuifungia mu friji.