Je, Wajua? Dawa Moja, Miili Mbalimbali

Mikarafuu imefanana kuliko wenye mashamba
Miche ya karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Kizimbani ni miongoni mwa sehemu za kwanza kupandwa. Mkarafuu hujichavusha wenyewe, basi mtoto hufanana na mzazi mno. Watu wanaouchuma ni kinyume chake: Afrika ndiyo bara lenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani. Na kwa kuwa jeni huamua jinsi mwili unavyoipokea dawa, dripu ileile ya dawa ya saratani yaweza kumwacha mmoja akitembea na kumlaza mwenziwe.

Ua la Madagaska hutia ganzi, ila si kwa wote sawa
Vinkristini, dawa ya saratani ya damu kwa watoto, hutolewa kwenye ua dogo la petali tano lenye asili ya Madagaska. Utafiti wa Marekani wa 2008 ulikuta ganzi ya mikono na miguu kwa watoto weupe wapatao 35 kati ya 100, weusi 5 tu. Baadaye huko Eldoret, Kenya, watoto 91 kati ya 100 walionekana na jeni ya CYP3A5 inayofanya kazi kikamilifu na kuivunja dawa hiyo haraka. Swali likazuka: je, dozi ya watoto wetu haijawa ndogo mno?

Kodeini haitulizi maumivu mpaka ini liigeuze mofini
Kazi hiyo ni ya jeni CYP2D6. Mwaka 1996 watafiti walikuta Waethiopia 29 kati ya 100 wana nakala zake za ziada. Kwao kidonge cha kawaida chaweza kuleta usingizi mzito na pumzi kudorora. Tamoksifeni ya saratani ya matiti nayo hungoja jeni hiyohiyo iikamilishe: ikiwa dhaifu, dawa haifikii nguvu yake.

Chembe nyeupe chache, na mtu mzima wa afya
Wengi wetu Afrika Mashariki hatuna alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa hivyo aina moja ya vimelea vya malaria hupata shida kutuingia. Lakini jeni inayoiondoa alama hiyo hushusha pia hesabu ya chembe nyeupe bila kuleta ugonjwa. Daktari anayefuata viwango vya Ulaya huweza kuahirisha kemo, kumbe hiyo ndiyo hesabu ya kawaida ya mgonjwa wake.

Kinga ya malaria yaweza kugeuka hatari
Upungufu wa G6PD, unaojulikana sana pwani yetu, hupunguza makali ya malaria. Ila mwenye nao akipewa rasburikesi, dawa ya kushusha asidi ya yuriki uvimbe unapoyeyuka kwa kasi, chembe zake nyekundu hupasuka. Wavulana huathirika zaidi, kwa kuwa jeni hiyo imo kwenye kromosomu X, na wao wanayo moja tu.

Kipimo safi si lazima kiwe salama
Tangu 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya inashauri kupima jeni DPYD kabla ya kutoa florourasili, dawa ya saratani, kwani asiyeweza kuivunja huweza hata kufa. Vipimo vingi hutafuta kasoro nne zilizozoeleka Ulaya, wakati Waafrika wana ya kwao, Y186C. Ni kama kuitafuta nyumba ya Mkunazini kwa ramani ya Chake Chake. Mgonjwa wa Unguja akiharisha au kutokwa na vidonda mdomoni siku za mwanzo za dawa hiyo, arudi hospitali mara moja, hata kama karatasi imesema yuko salama.