Kusomea Ualimu wa Fizikia Chuo Kikuu

Nchini Tanzania, mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari huandaliwa ama kwa stashahada katika chuo cha ualimu, ama kwa shahada ya miaka mitatu chuo kikuu. Shahada hiyo hutolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vyake vishiriki vya elimu, DUCE kilichoko Chang'ombe na MUCE kilichoko Iringa, vyote vilivyoanzishwa mwaka 2005, miongoni mwa vyuo vingine.

Waombaji wengi hutoka kidato cha sita katika tahasusi za PCM, PCB na PGM. Chuoni, mwanafunzi huchagua masomo mawili ya kufundishia, kwa kawaida fizikia pamoja na hisabati au kemia. Huanza na mekanika, mawimbi, joto, umeme na usumaku, kisha huingia katika elektroniki, fizikia ya atomu na fizikia ya kwanta. Asiye imara katika hisabati hupata taabu mapema.

Sambamba na hayo husoma saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji na mbinu za kufundishia. Upande huu wengine huudharau, ilhali ndio unaomtofautisha mwalimu na mtu anayejua fizikia tu. Kwa mfano, wanafunzi wengi wa sekondari huamini kwamba mkondo wa umeme huliwa na balbu. Kuwakanya hakutoshi. Mwalimu aliyefunzwa vizuri huweka ammita kabla ya balbu, kisha baada yake, na wanafunzi wenyewe wanasoma kipimo kilekile pande zote mbili. Hapo ndipo huwaeleza kuwa mkondo haupungui. Kinachotolewa ndani ya balbu ni nishati, inayogeuka kuwa mwanga na joto.

Ujuzi huo hukomaa katika mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo hupelekwa shuleni kwa wiki kadhaa, huandaa azimio la kazi na andalio la somo, huingia darasani, na mhadhiri humtembelea kumtathmini. Huko hukutana na maabara zenye upungufu wa vifaa, hivyo hujifunza kuunda pendulamu kwa uzi na jiwe, na bado kukokotoa mchapuko wa graviti ulio karibu na 9.8 m/s².

Kijana anayeipenda fizikia asiuone ualimu kuwa kimbilio la waliokosa nafasi kwingine. Wahandisi na mafundi umeme wa kesho wanamhitaji darasani leo.