Udhibiti wa Poliamini Ndani ya Seli na Umuhimu Wake katika Tiba ya Malale

Poliamini, yaani putresini, spemidini na spemini, ni molekuli ndogo zenye chaji chanya ambazo seli huzihitaji ili ikue na kugawanyika. Zikipungua, ukuaji hukoma. Zikizidi, huidhuru seli. Kwa hiyo kiwango chake hulindwa kwa mfumo wa mrejesho, ambamo zao lenyewe huzuia utengenezaji wake.

Katika seli za binadamu, kimeng'enya onithini dekaboksilesi hugeuza onithini kuwa putresini. Kimeng'enya hicho hudhibitiwa na protini iitwayo antizaimu. RNA mjumbe inayobeba maelekezo ya protini hiyo ina alama ya kukomesha usomaji kabla protini haijakamilika. Ribosomu husoma herufi tatu tatu. Poliamini zikiwa chache, nyingi huishia kwenye alama hiyo. Poliamini zikiwa nyingi, ribosomu zaidi huruka herufi moja mbele, huipita alama, na antizaimu kamili hupatikana. Antizaimu hukishika kimeng'enya na kukipeleka kwenye proteasomu kivunjwe, bila kuhitaji alama ya yubikwitini ambayo protini nyingi hutiwa kabla ya kuvunjwa. Aidha, hupunguza uingizaji wa poliamini kutoka nje ya seli. Kiwango kikishuka, antizaimu nayo hupungua na utengenezaji hurejea.

Kimelea cha malale, Trypanosoma brucei, hakina antizaimu. Tofauti hiyo husaidia kueleza nguvu ya eflonithini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1990, ambayo hukizima kimeng'enya hicho moja kwa moja. Seli ya binadamu hutengeneza kingine upesi. Katika kimelea cha aina ya gambiense, kimeng'enya hudumu muda mrefu. Kikizimwa, poliamini hupungua, kimelea huacha kugawanyika, na kinga ya mwili hukimaliza.

Hata hivyo, aina ya rhodesiense, inayopatikana Afrika ya Mashariki na Kusini, hutengeneza upya kimeng'enya chake kwa kasi zaidi, na dawa hiyo haitegemewi dhidi yake. Uganda ndiyo nchi inayojulikana kuwa na aina zote mbili. Kwa watunga sera wa nchi hiyo na jirani zake, funzo ni dhahiri: utambuzi wa aina ya kimelea utangulie uchaguzi wa dawa, kwani mafanikio dhidi ya aina moja si dhamana dhidi ya nyingine.